Kano ya Askari na Kichupa cha Maabara

Mwezi mmoja kabla ya mashindano ya riadha ya majeshi, mkimbiaji mmoja wa kikosi chetu, mwenye cheo cha koplo, alituletea kichupa kidogo chenye unga mweupe. Kano ya kisigino chake cha kulia ilikuwa ikimsumbua tangu mazoezi ya matembezi marefu, na rafiki yake wa uraiani alikuwa amemwambia kwamba unga huo, ukichanganywa na maji na kudungwa chini ya ngozi, humponya mtu kwa siku chache. Juu ya kichupa paliandikwa BPC-157, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba ni kwa ajili ya utafiti tu. Koplo alikuwa amesoma maandishi ya juu.

"Afande, hii ni halali?" akatuuliza.

Tumeona yafaa tumjibu yeye pamoja na ndugu wapiganaji wengine, wa jeshi na wa polisi, maana kichupa cha namna hiyo hakiingii kambini kimoja tu.

BPC-157 ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi za amino, ambazo ndizo matofali ya protini zote mwilini. Mnyororo huu una matofali 15, nao hutengenezwa kwa mikono ya wanakemia. Waliouchunguza zaidi ni Profesa Predrag Sikirić na wenzake wa Chuo Kikuu cha Zagreb, nchini Kroatia, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wameueleza kuwa ni kipande cha protini iliyomo katika majimaji ya tumbo la binadamu.

Mwaka 2003 kundi hilo lilichapisha jaribio linalohusu hasa kisigino cha koplo wetu. Panya walikatwa kano ya kisigino, kisha wakadungwa peptidi hiyo kila siku kwa vipimo vidogo mno, cha juu kikiwa mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Kano zao ziliunga upesi, na zilistahimili mvuto mkubwa kuliko za panya wasiopewa peptidi hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Taiwani walizikuza seli za kano ya panya katika vyombo vya maabara, wakaona kwamba peptidi huzisaidia kusambaa na kuhimili shida. Majaribio mengine ya wanyama yameonyesha uvimbe ukipungua na mishipa midogo ya damu ikichipua penye jeraha. Hatuyadharau matokeo hayo.

Lakini panya hukatwa kano kwa kisu, kwa dakika moja. Kano ya askari huchakaa kwa miezi, chini ya buti na mzigo wa mgongoni, hata nyuzi zake zikapoteza mpangilio. Hayo ni majeraha mawili mbalimbali.

Kwa upande wa binadamu, habari ni haba. Mwaka 2015 liliandikishwa jaribio la awali la watu 42 wenye afya. Matokeo yake hayakuchapishwa. Mwaka 2021 ilitoka taarifa ya wagonjwa 16 wa goti, baadhi yao wakiwa wamedungwa pamoja na peptidi nyingine. Wengi walisema wamepata nafuu, ila hapakuwa na kundi la kulinganishwa nao, na goti hupoa hata kwa mapumziko. Tena mishipa mipya ya damu hulisha jeraha, lakini saratani nayo huitafuta mishipa hiyo hiyo. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaja hatari ya uchafu katika peptidi hii na ya mwili kuipinga.

Na swali la koplo? Jibu lake ni fupi. Tangu Januari 1, 2022, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni limeitaja BPC-157 kwa jina, katika fungu la vitu visivyo na kibali cha serikali yoyote kuwa dawa ya binadamu. Marufuku hiyo ni ya wakati wote, ndani na nje ya mashindano.

Tulimsimulia pia habari ya daktari Håkan Alfredson wa Uswidi. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha kazi yao juu ya wakimbiaji 15 wenye maumivu ya muda mrefu katikati ya kano ya kisigino. Kila mmoja alisimama kwa ncha za vidole ukingoni mwa ngazi, akauteremsha polepole mguu mgonjwa hadi kisigino kipite usawa wa ngazi, kisha akajiinua kwa mguu mwingine. Mara 15, mizunguko 3, goti likiwa limenyooka. Kisha vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Hizo ni mara 180 kwa siku. Walipozoea, walivishwa mkoba wenye uzito. Wote 15 walirudi kukimbia kama zamani. Majaribio ya baadaye hayakumponya kila mtu, lakini hayo yalifanywa kwa watu. Kano iliyokatika ghafla, au inayouma pale inaposhika mfupa, ni ya kupelekwa kwa daktari.

Koplo alihesabu wiki kwa vidole, akaona mashindano yatampita. Alinyamaza kitambo, na hatukumlaumu. Kichupa kilikabidhiwa kwa daktari wa kikosi. Siku hizi kila alfajiri, kabla ya paredi, tunamwona kwenye ngazi za ghala la vifaa, mkoba mgongoni, midomo ikihesabu.