Chiswick, 1971: Nyumba Iliyowapokea Waliokimbia Nyumba Zao

Mwanamke aliyevunjwa taya na mumewe anaweza kutibiwa vizuri sana hospitalini: mfupa ukaungwa, jeraha likashonwa, maumivu yakatulizwa. Kisha hufika saa ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, na hapo tiba huishiwa nguvu, kwa kuwa nyumbani ndiko alikovunjiwa taya hiyo. Atalala wapi usiku ule, yeye na watoto wake? Swali hilo halimo katika faili la mgonjwa. Nyumba salama zilianzishwa ili kulijibu, na namna zinavyofanya kazi hueleweka vyema kwa kuitazama mojawapo ya zile za mwanzo kabisa katika zama hizi.

Mwaka 1971, katika kitongoji cha Chiswick, magharibi mwa jiji la London, kikundi cha wanawake kilichoongozwa na Erin Pizzey kilipewa na halmashauri ya eneo hilo kijumba kidogo chakavu. Kusudi lao lilikuwa la kawaida: akina mama wenye watoto wadogo wapate mahali pa kukutana, kunywa chai na kusaidiana kufuatilia posho za serikali. Hakuna aliyekusudia kufungua hifadhi. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya kufika mwanamke aliyevua nguo ya juu na kuonyesha mwili uliojaa michubuko. Alipokewa akalala. Baada yake wakaja wengine, na jumba la chai likageuka jumba la magodoro. Kanuni iliyowekwa ilikuwa moja tu, nayo ilikuja kuwaponza wenyewe: anayefika mlangoni na watoto wake harudishwi.

Kwa nini walifurika? Si kwamba ukatili ulikuwa umezidi ghafla. Mwanamke aliyepigwa alikuwa amefungiwa milango yote kwa utaratibu uliokubalika. Polisi waliitwa wakaondoka, wakisema huo ni ugomvi wa mume na mke. Ofisi za makazi nazo zilikuwa na hoja yake: mwanamke huyu ana nyumba, basi hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wasio na makazi, na akiondoka, ameondoka kwa hiari yake. Hivyo mwenye kupigwa alionekana kuwa na paa, na mwenye kukimbia alionekana kulikataa paa hilo. Kwa mama asiye na mshahara wake mwenyewe, uchaguzi uliobaki ulikuwa kati ya ngumi na barabara.

Kazi ya nyumba ya Chiswick haikuishia kwenye kitanda. Wakazi walipika, walifanya usafi na kujadili mambo ya nyumba pamoja. Mwanamke aliyezoea kuamuliwa kila kitu alianza upya kuamua mambo madogo. Walisindikizana mahakamani na kwenye ofisi za posho, jambo linaloonekana dogo kwa asiyewahi kusimama peke yake mbele ya karani. Watoto walitengewa mahali pao pa kucheza, kwani wao pia walikuwa wameona na kusikia, na baadhi yao walikuwa wamepigwa. Zaidi ya yote, kila mkazi aligundua kwamba jirani yake wa godoro alikuwa na kisa kinachofanana na chake. Aibu aliyoidhani kuwa yake peke yake ilipungua uzito. Hakuna kidonge kinachofanya kazi hiyo.

Vidonge, hata hivyo, vilikuwapo. Wanawake wengi waliopigwa walikuwa wamekwisha kuonana na daktari kwa kukosa usingizi, hofu au maumivu yasiyoeleweka, wakapewa dawa za kutuliza bila kuulizwa chanzo. Mwaka 1975 daktari wa magonjwa ya akili J. J. Gayford alichapisha katika jarida la kitabibu la British Medical Journal uchunguzi wa wanawake 100 waliopigwa na waume zao, ambao wengi wao alikutana nao kupitia nyumba ya Chiswick. Ni vyema kuupima mpangilio huo: nyumba ya jirani ndiyo iliyoipatia hospitali wagonjwa ambao hospitali ilikuwa ikiwatibu bila kuwaona. Gayford huyohuyo baadaye aliwagawa wanawake waliopigwa katika aina 10, kana kwamba maradhi yako kwa mpigwaji, na akakosolewa kwa haki.

Wakati huo nyumba, ambayo sasa ilikuwa jengo kubwa zaidi katika barabara ya Chiswick High Road, ilikuwa ikivunja sheria. Halmashauri iliweka kikomo cha watu 36. Wakaguzi wakakuta 75. Pizzey alishtakiwa, na shauri likafika hadi Baraza la Malodi, ambalo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi. Hoja kwamba wakazi wote walikuwa familia moja, na kwa hiyo kikomo kisiwahusu, ilikataliwa. Kisheria majaji walikuwa na msingi, maana msongamano ni hatari kwa afya na kwa moto. Lakini hukumu haikusema wale 39 waliozidi warudi kwa nani.

Jibu la swali hilo lilitoka bungeni. Kamati ya wabunge ilipendekeza mwaka 1975 kwamba kuwe na nafasi moja ya familia katika nyumba za hifadhi kwa kila wakazi 10,000. Sheria ya mwaka 1976 iliziwezesha mahakama kumwamuru mpigaji aondoke katika nyumba, hata kama wawili hao hawakufunga ndoa. Kisha ikaja Sheria ya Makazi kwa Wasio na Makao ya mwaka 1977, na ndani yake badiliko lililo muhimu kuliko yote: mtu aliye na nyumba, lakini akikaa humo huenda akafanyiwa ukatili na anayeishi naye, alihesabiwa kuwa hana makao. Mwenye watoto au mjamzito alipewa kipaumbele. Mwanamke asiye na mtoto hakupata uhakika huo, na hilo lilikuwa pengo kubwa.

Nyumba nyingine zilikuwa zimefunguliwa katika miji mingi, zikaunda shirikisho lao. Chiswick ilitofautiana nalo na kubaki kando. Tangu mwaka 1993 taasisi iliyotokana na kijumba kile inaitwa Refuge.

Nchini Tanzania, mwaka uleule wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 66 kinamnyima mwanandoa haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na cha 59 kinazuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika kuchuma mali, ingawa yeye mwenyewe hakupata fungu aliloomba. Haki hizi huchukua miezi au miaka kutimia. Nyumba salama huziba pengo la siku za mwanzo, ambazo ni za hatari zaidi, kwa sababu mpigaji anapotambua kwamba mwenza wake anaondoka, ukatili mara nyingi huongezeka.

Kwa mhudumu wa afya, dalili moja haipaswi kupita hivihivi: kukabwa koo, hata kama hakukuacha alama shingoni, hutangulia vifo vingi. Mwanamke huulizwa akiwa peke yake, bila mume wala mkwe chumbani. Aliyebakwa hupewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72, na Kituo cha Mkono kwa Mkono, pale kilipo, humkutanisha na daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii chini ya paa moja. Afisa huyo ndiye hufanya mpango wa nyumba salama. Mahali ilipo hapaandikwi kwenye kadi ya kliniki, kwa kuwa kadi hiyo hurudi nyumbani na husomwa na wengine.