Mtoto Mwenye Maji Kichwani

Umepata kumwona mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua upesi kupita mwili? Utosi umevimba. Macho yanatazama chini. Watu husema amerogwa. Hakurogwa. Kila mtu ana maji ndani ya ubongo, na maji hayo hutiririka kama kijito. Njia ikiziba hujaa na kuubana ubongo.

Daktari anaweza kuyafungulia njia. Hupitisha kichwani bomba jembamba lenye taa na kamera, kisha hutoboa njia mpya ya maji. Dakta Benjamin Warf alianza kazi hiyo mwaka 2001 katika hospitali ya watoto ya CURE, mjini Mbale, Uganda. Hapa Tanzania hufanyika MOI, Muhimbili.

Wazazi wengi huogopa nusu kaputi kuliko kisu. Basi ujue kwamba mtaalamu wa usingizi hachomi sindano na kuondoka. Hukaa na mtoto mpaka mwisho. Daktari hupitisha maji ya chumvi katika bomba ili aone vizuri. Yakiingia mengi kuliko yanayotoka, ubongo hubanwa na moyo huanza kupiga polepole. Macho ya daktari yako kwenye picha. Mtaalamu wa usingizi ndiye huliona jambo hilo, naye husema: simama, toa maji! Mara nyingi maji yakitoka moyo hupiga sawasawa tena. Usipopona, humpa mtoto dawa ya kuuharakisha. Damu ikivuja, maji huwa mekundu na daktari haoni kitu. Huosha kwa subira, na damu ya kuongeza huwa tayari. Baridi nayo ni adui, wala sisi wa Gitting hatuhitaji kufundishwa baridi. Kwa hiyo maji yale hupashwa joto kama la mwili, na mtoto hufunikwa.

Nawe mama una kazi yako. Ukiambiwa usinyonyeshe kwa muda wa saa 4 kabla ya upasuaji, usinyonyeshe. Maziwa ya ng'ombe ni saa 6. Usimpe kwa siri kwa kumwonea huruma. Maziwa yaliyo tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Kama ana homa au kikohozi, sema.

Mlete zahanati mapema. Tutampima kichwa kwa utepe na kukuandikia barua ya rufaa. Na baada ya kurudi nyumbani, akitapika, akilala mno au utosi ukivimba tena, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.