Ganzi ya miguu inayokuja baada ya sumu ya dawa za wadudu

Kuharibika kwa neva kunakochelewa ni ugonjwa unaomshika mtu wiki moja hadi tatu baada ya kunusurika na sumu kali ya viuatilifu vya kundi la oganofosfeti. Kwa wakulima wa pamba na mboga, wakiwemo wa Shelui wilayani Iramba, mifano ya kundi hilo ni profenofosi na klopirifosi, dawa zinazopulizwa kwa bomba la mgongoni.

Siku ya kwanza sumu hufunga kimeng'enya kinachozima ishara kati ya neva na misuli. Jasho, mate na machozi humtoka mgonjwa, mboni za macho husinyaa, kifua hujaa majimaji. Dawa ya atropini humwokoa, naye huruhusiwa kurudi nyumbani. Kumbe baadhi ya sumu hizi hushika pia kimeng'enya kingine ndani ya neva zenyewe, na kifungo hicho kikishakomaa hakifunguki tena. Hapo atropini haina kazi.

Neva ndefu huumia kwanza, hasa zinazoshuka hadi vidole vya miguu. Vigimbi hubana kwa maumivu, nyayo hufa ganzi, kisha nguvu hupotea. Wayo huning'inia, na mgonjwa hulazimika kuinua goti juu ili vidole visiburuzike. Baadaye mikono nayo huweza kulegea.

Kemikali za kundi hili zimewahi kupooza umati. Mwaka 1930 nchini Marekani, maelfu walilemaa kwa kinywaji cha tangawizi kilichochakachuliwa. Mwaka 1959 mjini Meknes, Moroko, watu wapatao 10,000 waliathirika kwa mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na mafuta ya injini za ndege.

Kijijini mgonjwa ni mmoja mmoja, na ndiyo maana hukosewa. Miguu ikilegea, husemwa ni kiharusi au kurogwa, hasa pale familia inapoficha kwamba ndugu yao alikunywa sumu kwa kukata tamaa. Siri hiyo humnyima tiba mtu anayestahili huruma. Chupa yenye lebo ipelekwe hospitalini pamoja naye, na miguu yake ipimwe tena kwa mwezi mzima.

Dawa ya kuurudisha ugonjwa nyuma haipo. Mazoezi ya viungo na kifaa cha kushikilia wayo huzuia ulemavu usizidi, huku neva za miguuni zikiota upya taratibu kwa miezi mingi. Uti wa mgongo ukiwa umeguswa, miguu hubaki imekakamaa.