Jinsi Sheria Mbili za Obama Zinavyomegwa

Mwaka 2010, katika muda wa miezi minne tu, Rais Barack Obama wa Marekani alitia saini sheria mbili nzito: ya bima ya afya mwezi Machi, na ya kudhibiti mabenki, iitwayo Dodd-Frank, mwezi Julai. Ya afya ndiyo iliyoonekana kuwa hatarini. Ilipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212, bila mbunge hata mmoja wa Republican kuiunga mkono.

Mwaka 2017 chama hicho, kikiwa kimeshika Ikulu na mabaraza yote mawili, kilijaribu kuifuta. Kilishindwa katika Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51, maseneta wake watatu, John McCain akiwamo, wakikataa. Kufikia hapo mamilioni walikuwa wamepata bima, na kampuni hazikuruhusiwa tena kumkataa mgonjwa wa kisukari au saratani. Wananchi walijaa kwenye mikutano ya wabunge wao majimboni. Walijua vizuri kinachotaka kuchukuliwa mikononi mwao.

Dodd-Frank haikuwa na watetezi wa namna hiyo. Faida yake ni janga lisilotokea, na hakuna anayeandamana kwa sababu benki yake haijafilisika. Mwaka 2018 ikalegezwa, tena kwa kura za baadhi ya wabunge wa Democratic: kiwango cha rasilimali kinachoiweka benki chini ya usimamizi mkali kikapandishwa kutoka dola bilioni 50 hadi bilioni 250.

Benki ya Silicon Valley Bank ilikuwa na rasilimali za takriban dola bilioni 209, chini ya kiwango hicho kipya. Ilirundika fedha za wateja katika hatifungani za muda mrefu, na riba zilipopanda, thamani ya hatifungani hizo ikaporomoka. Machi 9, 2023, wateja walitoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake benki ikafungwa, na serikali ikalazimika kudhamini amana zote. Ripoti ya Benki Kuu ya Marekani ilikiri kwamba ulegezaji ule ulikuwa umedhoofisha usimamizi.

Watetezi wa huduma za afya wanapaswa kuisoma habari hiyo kwa makini, maana sasa bima nayo inamegwa vivyo hivyo. Sheria aliyoisaini Donald Trump Julai 4, 2025 haifuti Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo. Inawataka watu wazima wengi walioingizwa humo na sheria ya afya ya 2010 kuthibitisha saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au kujitolea. Arkansas ilijaribu masharti kama hayo mwaka 2018. Zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima ndani ya miezi michache, kabla ya mahakama kuyasimamisha.