Dawa za Akili: Kwa Nini Dozi Kubwa Si Lazima Iwe Dozi Bora

Katika kliniki za afya ya akili, jamaa wengi hueleza jambo moja: mgonjwa alikuwa akisikia sauti, sasa sauti zimepungua, lakini mwili umekakamaa, mikono inatetemeka, na akiketi hatulii. Baadhi huamini kutetemeka huko ni ishara kwamba dawa imeshika. Wengine huona mgonjwa wao anateseka bure, wakaacha dawa kabisa, na ugonjwa ukarudi. Picha za ubongo zilizoanza kupigwa nchini Uswidi katika miaka ya 1980 zinaonyesha kwamba pande zote mbili zinakosea.

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Mojawapo ni dopamini, ambayo hutoka katika seli moja na kutua kwenye kipokezi cha seli nyingine, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Dawa kama haloperidoli hukalia kufuli hiyo bila kuifungua, hivyo dopamini hukosa nafasi. Tatizo ni kwamba sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili hutegemea vipokezi vivyo hivyo. Ndiyo maana dawa inayotuliza sauti inaweza pia kukaza misuli.

Lars Farde na wenzake katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walitaka kujua ni vipokezi vingapi hasa vinazibwa. Walitumia skani ya PET. Mtu hudungwa kiasi kidogo sana cha kemikali inayotoa miale, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20. Kemikali hiyo hutafuta vipokezi vilivyo wazi. Palipo wazi, picha hung'aa. Dawa ilipokwisha kukaa, picha hufifia. Mwaka wa 1992, kundi hilo lilionyesha kwamba wagonjwa waliokakamaa walikuwa na vipokezi vingi zaidi vilivyozibwa kuliko wenzao.

Mwaka wa 2000, Shitij Kapur na wenzake mjini Toronto, Kanada, walitoa matokeo ya wagonjwa 22 waliougua kwa mara ya kwanza na kupewa haloperidoli kwa dozi ndogo. Uwezekano wa kupata nafuu uliongezeka vipokezi vilipozibwa kwa asilimia 65 au zaidi. Kukakamaa na kutotulia kuliongezeka vilipozibwa kupita asilimia 78. Nafasi kati ya viwango hivyo ni finyu, na kwa wengi kiwango cha kwanza hufikiwa kwa dozi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukipita hapo, kidonge cha ziada huleta zaidi madhara kuliko nafuu.

Si dawa zote zinazofuata kanuni hii. Klozapini husaidia hata ikiziba vipokezi vichache zaidi, ingawa anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara.

Hakuna haja ya mgonjwa kuomba skani. Mashine za PET zilizoko Nairobi hutumika zaidi kwa saratani, na picha hiyo haithibitishi kama mtu ana skizofrenia au la. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza madaktari kuhusu dozi. Kwenye kliniki, anayejua mgonjwa anavyoendelea ni yule anayeishi naye.

Kwa hivyo jamaa wasipunguze, wasiongeze wala kuacha dawa wenyewe. Wamweleze mhudumu kutetemeka kulianza lini, kama kulifuata sindano au kidonge kipya, na ni siku zipi dawa ilikosekana. Wabebe pakiti za dawa zote, hata zilizonunuliwa dukani. Dozi inaweza kupunguzwa, dawa kubadilishwa, au mgonjwa kupewa nyingine ya kupunguza ukakamavu. Shingo ikipinda ghafla, macho yakipanda juu na kukwama, au kupumua kukiwa kwa shida, mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja, hata usiku, bila kungoja siku ya kliniki.