Michikichi ya dizeli Tabora? Piga hesabu kwanza

Tangu bei ya dizeli ianze kuwabana wenye matrekta, kila nikipita Urambo na Kaliua vijana wananiuliza: "Bwana shamba, tukipanda michikichi si tutajitengenezea dizeli wenyewe?"

Kutengeneza inawezekana. Kulipa ndo shida.

Mawese hatujayajua leo. Enzi za misafara Tabora ilikuwa kituo kikuu kati ya pwani na Ujiji, na hadi leo madumu ya mawese yanatufikia kwa treni kutoka Kigoma. Hukohuko Kigoma, miaka ya 2000, kampuni ya FELISA ilikuja na mpango wa dizeli ya mawese. Wengine walikimbilia mbono: Sun Biofuels ilichukua zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, mwaka 2011 kazi ikasimama na wanavijiji wakabaki bila ardhi wala ajira. Serikali ilitoa miongozo ya nishatimimea Novemba 2010. Lakini miongozo haikuletei mnunuzi. Indonesia, mzalishaji mkubwa wa mawese kuliko wote duniani, inalazimisha dizeli ichanganywe na mawese (asilimia 35 mwaka 2023, 40 mwaka 2025), na bado inatoza ushuru mawese yanayouzwa nje ili kufidia tofauti ya bei. Sisi nani atatufidia?

Sasa njoo shambani kwako. Lita 100 za mawese zinataka kama lita 20 za methanoli, pamoja na kostiki soda. Methanoli ni sumu, inapofusha macho na inashika moto haraka, sio kitu cha kuchezea jikoni. Halafu mawese yetu ya kienyeji, ambayo ngazi zimekaa siku kadhaa kabla ya kuchemshwa, yana asidi nyingi. Ukiyatia kostiki unapata sabuni, siyo dizeli! Na usije ukamwaga mawese mabichi kwenye tangi la trekta. Yanaganda kwenye baridi ya Juni na Julai, nozeli zinaziba, na fundi atakula faida yote.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Uliza sokoni lita ya mawese ni shilingi ngapi, ongeza methanoli, kostiki na kuni, kisha linganisha na bei ya kituo cha mafuta. Nchi hii kwa miaka mingi imeagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Kwa nini uchome kwenye injini kitu ambacho mama lishe anakitafuta?

Anayetaka michikichi kwa ajili ya chakula, sawa, ila ajue mvua. Mchikichi unapenda milimita 1,800 na zaidi kwa mwaka. Tabora tunapata karibu nusu ya hizo, na kiangazi kinaanza Mei hadi Oktoba. Kwa hiyo ni bondeni penye unyevu au umwagiliaji, na sheria ya mazingira inataka ukae mita 60 kutoka kwenye mto. Chukua Tenera kutoka TARI Kihinga, Kigoma. Nafasi mita 9 kwa 9 kwa pembetatu, miche kama 57 kwa eka. Utaanza kuvuna baada ya miaka mitatu hivi.

Huna bonde? Panda alizeti. Mafuta unauza, mashudu unalisha kuku, na ndani ya miezi minne una hela ya kununulia dizeli.