Mgonjwa Aliyetoweka Daftarini

Mgonjwa wa Ujiji mwenye saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, husafiri mbali kabla ya kupata tiba kamili. Aghalabu ameanza kwa kutibiwa bawasiri au amiba, kwani damu katika choo hudhaniwa hivyo kwanza. Kutoka Hospitali ya Maweni hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Akishafanyiwa upasuaji hurudi Kigoma, kisha pengine hupanda boti kuelekea kijiji cha mwambao. Hapo ndipo daftari la mpasuaji hukoma. Uvimbe ukirejea nyongani baada ya mwaka mmoja na nusu, tabibu wa zahanati ndiye atakayeuona. Aliyeshika kisu hatapata habari.

Norwei ilifungua rejista ya taifa ya saratani ya puru mwaka 1993, Denmark ikafuata 1994, Sweden 1995. Norwei haikuanza kwa fahari. Takwimu zake za miaka ya 1980 zilionyesha kuwa uvimbe ulirejea palepale kwa zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 5. Wakati huohuo Bill Heald, mpasuaji wa Basingstoke, Uingereza, alikuwa ameeleza tangu 1982 namna ya kuiondoa puru pamoja na mafuta yanayoizunguka, yakiwa mazima ndani ya utando wake, na wagonjwa wake waliorudiwa walikuwa wachache mno. Wapasuaji wa Norwei wakafundishwa njia hiyo, hospitali zilizoruhusiwa kuifanya kazi hiyo zikapunguzwa, na kila moja ikapewa matokeo yake kando ya wastani wa taifa. Katika miaka michache waliorudiwa wakapungua kwa zaidi ya nusu.

Hata hivyo, kulinganisha nchi na nchi kuna mitego. Tuseme nchi moja imewapasua wagonjwa 100, ikawafuatilia wote, ikakuta 12 wamerudiwa. Nchi ya pili imewapasua 100, imewapoteza 40, na katika waliobaki 5 wamerudiwa. Kwenye jedwali ya pili itaonekana bora, ilhali hakuna ajuaye yaliyowapata wale 40. Norwei huweza kuwafuatilia watu wake kwa sababu kila raia ana namba moja inayomfuata hadi kaburini. Mtego mwingine ni mgonjwa aliyefika akiwa amechelewa, akafunguliwa tu njia ya haja tumboni bila kuondolewa uvimbe. Tukiwahesabu walioondolewa uvimbe pekee, hospitali inayopokea wengi wa namna hii itajisifu kwa sifa isiyo yake. Na mgonjwa avukaye ziwa kutoka Kalemie akaandikisha anwani ya nduguye wa Mwanga, je, ni wa nchi ipi?

Tanzania ina rejista za saratani zinazohesabu wakazi wa maeneo maalumu, Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza. Hizo hutueleza nani ameugua. Ubora wa kisu huhitaji zaidi: hatua ya ugonjwa, umbali wa uvimbe kutoka njia ya haja kubwa, kama kingo za kipande kilichokatwa zilikuwa safi, na hali ya mgonjwa siku ya 30, ya 90, na miaka baadaye.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya matajiri. Katika hospitali hiyohiyo ya mkoa wa Kigoma, Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walizipitia kumbukumbu za vifo vya wajawazito vya 1984 hadi 1986, wakatafuta kilichosababisha kila kifo, kisha wakaanzisha hatua 22, nyingi zikitegemea kilichokuwapo hospitalini. Kufikia 1991 vifo vilikuwa vimeshuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Kalamu na daftari vilitangulia vifaa.

Kwa hiyo, wewe uliyefanyiwa upasuaji, usiondoke wodini bila nakala ya majibu ya maabara ya kinyama na maelezo ya upasuaji wako. Nawe muuguzi unayemwandikia ruhusa, andika namba mbili za simu: yake, na ya jirani asiyehamahama. Wavuvi hubadilisha laini kila msimu.